Mnunuzi asiye na vigezo ni windo la dalali Nakuru

TANGU Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, madalali wa majumba ya kupangisha hawaishiwi na sifa. Lakini anayewaendea na kiinua mgongo chake akiuliza tu kuna jumba gani, huuziwa lililokosa mnunuzi.

Kabla ya kumwona wakala, andika bajeti, mtaa, aina ya wapangaji na mapato unayolenga. Tuseme jumba la Sh30 milioni lina nyumba 20 za Sh10,000 kwa mwezi. Kodi ni Sh2.4 milioni kwa mwaka, sawa na asilimia 8 ya bei. Ushuru wa asilimia 7.5, unaotozwa tangu Januari 2024 bila kuondoa gharama, unamega Sh180,000. Bado kuna mlinzi, ukarabati na nyumba tupu. Ukikopa kwa riba ya asilimia 14, jumba hilo litakufilisi.

Mtaa nao upimwe. Ziwa Nakuru lilipofurika, wakazi wa Mwariki walihama makwao.

Hatimaye, hakikisha wakala amesajiliwa kisheria, na hatimiliki ikaguliwe katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa arbuni.