Mkaa wa Zamani Usiutupe!

Siku hizi kijana wa mjini akipata vijisenti tu, mbio Kibaha au kule Vihingo, Kisarawe, kununua kiwanja. Safi sana. Ngoma inaanza siku ya kuchimba msingi: fundi anakutana na vigae, mavi ya chuma na vipande vya mkaa, anatupa vyote kwenye kifusi. Mkaa gani huo, si tunaununua kwa kopo kila siku?

Subiri kwanza. Mwaka 1992 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika habari za Limbo, huku huku Pwani, ambako watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Shahidi wa umri ni mkaa. Ndani yake mna kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730.

Zamani vipimo vilidai gramu kadhaa. Mwaka 1977 wataalamu wakaanza kutumia mashine za kuongeza kasi ya chembe, na leo miligramu moja ya kaboni inatosha. Kiduchu kabisa! Mkaa husafishwa, huchomwa uwe gesi, kisha kaboni yake hugeuzwa grafaiti, kama ile ya penseli. Grafaiti hupigwa na chembe za siziamu, atomi za kaboni zinaruka, na baadhi hunyakua elektroni moja ya ziada. Hizo sasa ni ayoni. Umeme mkali huzivuta kwa mstari mpaka ndani ya mashine, na kaboni 14 huhesabiwa moja moja. Naitrojeni, yenye uzito karibu sawa, ingevuruga hesabu, ila haiwezi kukaa na elektroni ya ziada. Inabaki mlangoni kama mtu asiye na tiketi ya dansi.

Kazi hiyo inafanyika hata Johannesburg, maabara ya iThemba. Lakini mashine inatoa umri wa mkaa tu. Ukishauzoa kwenye kifusi, nani atajua ulilala na kigae gani?

Kwa hiyo fundi akigonga vitu hivyo, mwambie apumzishe sululu. Viache pale pale, mwone mwenyekiti wa kijiji, habari ziwafikie watu wa Mambo ya Kale. Sheria yao ipo tangu 1964. Msingi unasogezwa hatua tano, mshkaji. Historia ikishazolewa hairudi.