Mama Mboga Mlangoni: Tamthilia ya Kiswahili na Ukumbi wa Mji Mdogo

Mnamo Agosti 2019, nikiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, nililipa shilingi 200 kuingia katika ukumbi wa mikutano wa mji wetu, mji mdogo wenye barabara moja ya lami na soko linaloanzia pale ukuta wa ukumbi unapoishia. Kundi la waigizaji lilikuwa limekuja kutuigizia Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne. Tulijaa tele, kila mmoja na daftari lake. Kila mwigizaji alipotamka maneno ambayo walimu wetu walikuwa wametabiri kuwa yangetahiniwa, kalamu zilishuka zote kwa pamoja, na hakuna aliyeinua macho kumtazama msemaji. Tulikuwa tukitafuta muktadha wa dondoo.

Katikati ya onyesho, mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na lango alichungulia mlangoni, leso yake ingali na maji ya mboga. Kijana aliyekuwa akikusanya pesa alimzuia, si kwa ukali.

"Mama, hii ni ya wanafunzi."

"Kwani wanaigiza nini?"

"Ni kuhusu soko. Soko limefungwa."

Yule mama akacheka. "Soko? Si mngeniuliza mimi," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Walioisoma Kigogo hawatashangaa kwamba tukio hilo halijanitoka akilini hadi leo. Mgogoro wa tamthilia hiyo unatokana na kufungwa kwa soko la Chapakazi, mahali wanyonge wa Sagamoyo wanapojitafutia riziki, kwa amri ya mtawala Majoka. Mchuuzi aliyefukuzwa sokoni anazungumza jukwaani, na mchuuzi wa kweli amesimama hatua kumi kutoka kwake, lakini haruhusiwi kuingia kwa sababu hana mtihani. Simlaumu yule kijana wa mlangoni. Alitamka tu kwa maneno machache yale ambayo sisi, wanafunzi na walimu wa Kiswahili, tumeyakubali kwa vitendo: kwamba tamthilia ya Kiswahili ni mali ya mtahiniwa. Makala haya yanadai kwamba chama chetu kina wajibu wa kuirejesha tamthilia kwa wakazi wa miji midogo, hasa wakati wa likizo ya Agosti kumbi hizo zinapokodishwa. Wajibu huo hautimizwi kwa kuwapelekea wakazi onyesho lililokamilika. Unatimizwa kwa kuwaruhusu waliguse onyesho lenyewe lingali bichi.

Wazo hili si jipya, na aliyelianzisha si mimi. Mfano wake mkubwa zaidi nchini uko Limuru, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Kwa kuwa kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha kufungwa kwa mwandishi mmoja, ningependa kukisimulia kama kisa cha ukumbi.

Kamĩrĩĩthũ kilikuwa mojawapo ya vijiji vilivyoundwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengewa shughuli za vijana, ambacho hakikuwa na jengo la maana. Mwaka wa 1976 wakazi walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, wakaanza na masomo ya ngumbaru. Waliojua kusoma walipohitaji kitu cha kuendelea kusoma, waliwaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wote wakihudumu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wawaandikie mchezo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Mswada haukufika kijijini kama kitabu kinavyofika darasani. Ulisomwa hadharani na ukajadiliwa. Mazoezi nayo yalifanyika mahali pa wazi, siku za mapumziko ya kazi, na yeyote aliyepita aliweza kusimama kutazama, na aliyesimama aliweza kusema. Katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, Ngũgĩ anaeleza jinsi wanakijiji walivyosahihisha lugha ya wahusika: mzee hawezi kusema namna hii, mbona mmempa maneno ya kijana? Wasomi wa chuo kikuu walitaka kuonyesha sherehe ya ndoa ya jadi, lakini wakajikuta hawajui jinsi gĩtiiro, ule wimbo wa majibizano, unavyoimbwa. Kina mama wazee wa kijiji ndio waliowafunza. Wengine katika kundi hawakujua kusoma, nao walishika maneno yao kwa kusomewa. Mwelekezi, Kĩmani Gecaũ, alikuwa mhadhiri, lakini katika kiwanja kile mhadhiri alikuwa mmoja kati ya wengi waliojua kitu.

Jukwaa lenyewe lilibuniwa na watu walewale. Walipanga njiti za kibiriti chini ili kuona jinsi litakavyokaa, kisha wakalijenga kwa mikono yao, ukumbi usio na paa wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000. Nakiri kwamba kati ya mambo yote niliyoyasoma kuhusu sanaa ya maonyesho Afrika Mashariki, hizo njiti za kibiriti ndizo zinazonigusa zaidi. Tumezoea kusema kwamba hatuna ukumbi. Wao hawakuwa na ukumbi pia.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo kibali kiliondolewa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba, akazuiliwa bila kushtakiwa kwa takriban mwaka mmoja. Kundi lilipojaribu tena kwa Maitũ Njugĩra, mapema mwaka wa 1982, lilinyimwa nafasi katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi. Likaendelea na mazoezi katika ukumbi wa chuo kikuu, ambako maelfu walifurika kutazama mazoezi tu. Mwezi wa Machi mwaka huo kituo kilipigwa marufuku, na polisi wakaja kuubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Waliubomoa ukumbi, wala si kuufunga. Mchezo mmoja unaweza kukomeshwa kwa kumnyima mwandishi karatasi, ingawa hata hilo halikufaulu gerezani. Ukumbi ambao watu wa kawaida wamejifunza kusahihishia msomi ulihitaji malori ya askari.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirejea jukwaani, kwa Kĩkũyũ na kwa Kiingereza, katika Ukumbi uleule wa Kitaifa uliokuwa umefungiwa ndugu yake miaka arubaini awali. Lilikuwa jambo la kufurahisha. Hata hivyo, lilifanyika Nairobi, kwa tikiti, likaigizwa na wataalamu. Ngũgĩ mwenyewe aliaga dunia Mei 2025. Tulimwomboleza kwa makongamano, na sikusikia yeyote katika idara zetu akipendekeza tumwomboleze kwa kuigiza kijijini.

Lakini je, haya yanaihusu lugha ya Kiswahili kwa namna gani? Rafiki yangu mmoja, mwanachama mwenzetu, aliposikia hoja hii alinijibu kwamba Kamĩrĩĩthũ ilifaulu kwa sababu ilitumia Kĩkũyũ, lugha ya mama ya walioigiza, na kwamba Kiswahili kikipelekwa kijijini kitakuwa mgeni mwingine mwenye suti. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Kuna vijiji ambako Kiswahili hakistahili kutangulia, na chama chetu kikifika huko, kazi yake itakuwa kusikiliza.

Mji mdogo, hata hivyo, si kijiji. Limuru kwenyewe kulikuwa na kiwanda cha viatu cha Bata na mashamba ya chai, na wafanyakazi wake walitoka pembe nyingi za nchi. Labda ndiyo sababu Maitũ Njugĩra, mchezo unaohusu manung'uniko ya vibarua wakati wa ukoloni, ulibeba nyimbo za jamii kadhaa za Kenya. Katika kituo cha matatu cha mji wetu husikika lugha tatu au nne, na bei ya viazi hukubaliwa kwa Kiswahili. Theatre ya kusafiri ya Makerere, iliyoanza mwaka wa 1965 na kuzunguka wakati wa likizo ndefu ikiigiza bila kutoza kiingilio, ililitambua jambo hili mapema. Ilibeba michezo ya Kiswahili pamoja na ile ya Kiingereza na ya lugha nyingine, kwa kuwa haikujua ni nani angekuwa uwanjani siku hiyo.

Swali gumu zaidi ni Kiswahili kipi. Sisi tuliofunzwa upatanisho wa kisarufi tunapokisikia Kiswahili cha sokoni huingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu nyekundu. Tukiandika tamthilia, mchuuzi wetu huzungumza kama mhariri. Najua, kwa maana mchuuzi wa tamthilia niliyoiandika katika mwaka wangu wa pili alisema "waama" mara sita, na mhadhiri wangu alinipa alama nzuri. Kama ningesoma mchezo huo mbele ya yule mama wa sukuma wiki, angenisahihisha kabla sijafika ukurasa wa tatu, na marekebisho yake yangekuwa ya kitaaluma sawasawa na yale ya mhadhiri. Simaanishi kwamba Kiswahili sanifu kitupwe. Ninamaanisha kwamba msanii asiyejua umbali uliopo kati ya lugha ya ukurasa na lugha ya meza ya mboga hana haki ya kudai kwamba anamsemea mchuuzi.

Wapo pia wanaosema kuwa hatari imekwisha, kwamba enzi ya kibali cha Mkuu wa Wilaya imepita na kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ni kweli kinaulinda. Lakini Aprili 2025, mjini Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walioingia katika tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War walikuta mwandishi wao, Cleophas Malala, amekamatwa, na polisi wakarusha vitoa machozi. Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeamuru waruhusiwe kuigiza. Wasichana hao walikataa kuigiza bila mwelekezi wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Nalitaja tukio hili ili mwanachama atakayeunga mkono pendekezo langu asidhani kwamba ninampeleka matembezini. Mchezo unaozungumzia ushuru wa soko, mbele ya watu wanaoulipa, unaweza kumkera mtu fulani. Tukiliogopa jambo hilo, afadhali tulijadili waziwazi katika mkutano wetu kuliko kujificha nyuma ya ukosefu wa fedha.

Ukosefu wa fedha wenyewe haunishawishi sana. Kila mwaka tunakodi basi kwenda kongamano na kurudi na fulana.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila mwaka, wanafunzi wa somo la uandishi wa kubuni huandika tamthilia ambazo, zikishasahihishwa, hubaki katika makabati ya wahadhiri. Tuchague moja fupi, isiyozidi saa moja, inayohusu jambo ambalo mji utakaoipokea unalijua kuliko sisi. Tusichague kitabu teule. Kitabu teule kitatuletea umati wa madaftari, na isitoshe kina mwenyewe wa kuombwa idhini. Wanachama kumi waende mjini wiki tatu kabla ya onyesho, wakae kwa wenyeji wao au kwa jamaa wa mwanachama mwenzetu, na mazoezi yafanyike alasiri, soko linapopoa, milango ikiwa wazi. Nafasi za wahusika wanne au watano ziachwe bila waigizaji hadi tutakapofika. Mwandishi awepo, na akubali kabla ya safari kwamba mswada utakaorudi chuoni hautakuwa ule aliouandika. Huenda hili ndilo litakalotushinda; sisi waandishi wachanga tunayapenda maneno yetu kupita kiasi.

Walimu wetu nao nawaomba jambo moja tu, kwamba mswada uliosahihishwa sokoni ukubaliwe kutahiniwa pamoja na ule wa kwanza, vikiwekwa kando kwa kando, na mwanafunzi aulizwe kila badiliko lilitoka kwa nani na kwa nini alilikubali au kulikataa.

Nilipita katika ukumbi wetu likizo iliyopita. Mlango wa nyuma, unaotazama soko, umepigiliwa misumari. Mlinzi aliniambia hilo lilifanywa ili watu wasiingie bila kulipa. Nilimwuliza kama unaweza kufunguliwa kwa wiki tatu. Akasema nyundo anayo, mradi nimletee barua ya chama yenye muhuri. Hoja hii nitaiwasilisha katika mkutano mkuu ujao, na nitahitaji mtu wa kuiunga mkono.