Funguo za paa anazo nani?

KIBARAZANI na Athumani Semboja

Vijana watatu walinijia wiki iliyopita baada ya Alasiri, wamekunja karatasi kubwa ya manila. Shikamoo, marahaba, kahawa ikamiminwa, karatasi ikatandazwa mkekani. Wameuchora mtaa wetu wa Ngamiani, hapa Tanga: msikiti, shule, zahanati, nyumba za ghorofa, na mistari myekundu ikiruka kutoka paa hadi paa. Wanataka kutandaza waifai mtaa mzima kwa kujitolea. Kila paa na ruta yake, laini moja ya intaneti ilipiwe kwa pamoja, wanafunzi wasome bila kuhesabu bando.

"Mzee Semboja, tunaomba mchango wako, na utuandikie gazetini."

Mchango nimetoa. Kuandika ndiko huku, ila sidhani kama ndiyo waliyoyatarajia.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa kijana wa karatasi ya manila. Miaka kumi na tano nyuma tulikuwa watu watano, tukaunda antena kwa kopo la maziwa ya unga. Unatoboa tundu ubavuni, unachomeka kipande cha waya wa shaba cha sentimita tatu na ushei, kisha unauelekeza mdomo wa kopo kule unakotaka kufika. Tukaunganisha paa mbili zilizoachana kama mita mia nne. Ukurasa wa kwanza ulipofunguka tulipiga ukelele, jirani akatoka na panga akidhani kaingia mwizi.

Zikaja mvua za vuli. Katikati ya paa zetu palikuwa na mwembe, ukachipua na kunenepa, na kila majani yalipolowa mawasiliano yakakata. Maji yaliyo kwenye majani huyanywa mawimbi ya waifai. Dawa yake tuliijua: kuuinua mlingoti mita mbili tu. Lakini aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa paani alikwishahamia Dodoma kikazi, wa pili kaoa, wa tatu yuko kwenye mitihani, na mimi nikawa nangoja mtu mwingine aanze. Kopo likaota kutu huko huko juu.



Tangu hapo, nikisikia mradi wa namna hii, siulizi antena inafika wapi. Umbali si hoja. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima kwa waifai, kilomita 382, mbali kuliko safari ya basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Mlimani hakuna mwembe. Sisi kilichotushinda ni mita mia nne na mlango uliofungwa.

Kuna watu waliolielewa mapema jambo hili la nani atautunza mtandao. Kule Mankosi, katika Eastern Cape ya Afrika Kusini, wanakijiji na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walianza mtandao wao mwaka 2012. Wanauita Zenzeleni. Lichambue neno hilo la Kixhosa kwa masikio ya Mswahili, utamkuta binamu: ndani mna "ji" yetu, mna kutendea, na mwishoni ile "ni" ya kuwaamuru wengi. Jifanyieni. Vituo vyao viliendeshwa kwa umeme wa jua, na kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na umeme, watu wakawa wanalipa kuchaji simu papo hapo. Kabla hata ya kuzungumzia kuuza intaneti, mfuko ulikuwa umeshaanza kuingiza chochote. Mwaka 2014 wakasajili ushirika.

Wakatalunya wa Hispania nao wana guifi.net, iliyoanza mwaka 2004 kwenye mashamba ya Osona, ambako kampuni za simu hazikuona faida ya kupeleka laini. Leo ina vituo zaidi ya 30,000, na sehemu nyingine wameshahamia kwenye nyaya za faiba. Anayependa ajitolee, karibu. Lakini kampuni inayouza huduma kupitia mtandao huo hukokotolewa: imetumia kiasi gani, imewekeza kiasi gani, na anayetumia kuliko alivyoweka hulipa tofauti. Ndiyo maana kuna mtu wa kupanda mlingotini Jumatatu asubuhi, kwa ujira.

Kwetu majaribio yapo. Kondoa wametumia masafa ya televisheni yaliyo matupu, ambayo hupenya majani vizuri kuliko waifai. Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao hii mwaka 2021. Vyema. Leseni haipandi ngazi.

Najua nitaambiwa naua moyo wa kujitolea, kwamba wazee wetu walijenga shule na barabara kwa msaragambo. Ni kweli, na mimi nimebeba mawe. Ila msaragambo ni kazi ya siku moja yenye ngoma na uji. Ukishachimba mfereji, yupo anayeuzibua matope kila wiki, na huyo anajulikana kwa jina na hapati sifa za mtu aliyekuja na ngoma. Sisi tunapenda siku ya uzinduzi. Tunapigwa picha tumeshika nyundo, halafu betri inakufa mwaka wa pili na hakuna aliyeitengea senti.

Basi niliwauliza wale vijana: funguo za paa anazo nani? Wakatazamana. Betri ikichoka, hela inatoka wapi? Mmoja akaanza kusema neno "mfadhili", mwenzake akamkanyaga mguu. Wakakunja manila yao, wakaaga kwa adabu, nami nikajilaumu kidogo kwa kuwavunja moyo.

Alhamisi wamerudi, safari hii na daftari gumu. Ukurasa wa kwanza una mchango wa kila nyumba kwa wiki, na mstari wa posho ya fundi, binti wa mtaa wa pili anayetengeneza simu. Ukurasa unaofuata ni wa funguo: kila paa watu wawili, wa kwanza kijana, wa pili mtu asiyehamahama. Nikashuka na kidole hadi paa la shule, lenye ngazi za chuma kumi na nane. Ufunguo wa pili: Mzee Semboja.