Kwa nini picha ya WhatsApp inakuangusha siku ya kuiprinti kubwa

Msiba umetokea, familia inatafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Kila mtu anapekua simu yake. Inayopatikana ni ile ya harusi ya mwaka juzi, iliyorushwa kwenye grupu la ukoo. Inapelekwa steshenari, inaprintiwa A3, inatoka uso hauna macho wala pua inayoeleweka. Lawama zote zinamwangukia jamaa wa printa.

Mara nyingi jamaa huyo hana kosa. Picha ilishaharibika kabla haijamfikia, na hesabu yake ni nyepesi.

Kamera ya simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, apu inaibana ili iende haraka na isile bando. Upande mrefu mara nyingi unabaki karibu pikseli 1,600. Yaani pikseli milioni 12 zimeshuka chini ya milioni 2. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti, maana kioo chenyewe ni kidogo. Kwenye karatasi ndiyo kasheshe. Kipimo kinachopendwa kwa picha nzuri ni pikseli 300 kwa kila inchi, na A3 ina urefu wa inchi 16.5. Gawanya 1,600 kwa 16.5, unapata 97 tu. Picha halisi ingekupa 242, na hiyo ukiitundika ukutani hakuna atakayelalamika.

Ndiyo maana picha hiyohiyo ukiiprinti ndogo, inchi 4 kwa 6, inatoka safi kabisa.

WhatsApp walileta chaguo la HD Agosti 2023. Limesaidia, ila lazima ulichague mwenyewe, na bado linabana kiasi. Njia inayofikisha picha kama ilivyo ni kuituma kama dokyumenti. Wangapi wanafanya hivyo kwenye grupu la ukoo?

Na hapa ndipo naona tatizo lenyewe lilipo. Picha halisi ilikuwepo, tuliifuta. Simu imejaa, unahitaji nafasi, unafuta za kamera kwa sababu "si zipo kwenye grupu". Google Photos nao walisitisha nafasi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, zikabaki GB 15 unazogawana na barua pepe zako. Kwa hiyo grupu limegeuka albamu ya familia bila mtu kukaa chini na kuamua hivyo, na albamu hiyo imejaa nakala zilizobanwa.

Siku hizi kuna anayekuja na suluhisho la haraka: "Lete, niipitishe kwenye apu ya akili mnemba." Dakika moja, uso umerudi, ngozi inang'aa, kila mtu anashangilia. Kuwa makini hapo. Apu hiyo hairudishi kilichopotea, maana hakipo tena. Inakisia. Imetazama nyuso nyingi mno za watu wengine, kisha inajaza mapengo kwa kile inachodhani kingekuwepo.

Juni 2020 dunia iliona wazi jambo hili. Programu ya majaribio iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa. Ikarudisha uso wa mzungu. Apu za sasa ni bora kuliko ile, lakini kukisia ni kulekule. Mwanya unazibwa. Kovu la shavuni linafutika, makunyanzi yanapigwa pasi. Kwa picha ya kuweka status, sawa, jifurahishe. Kwa picha ya bibi itakayokaa sebuleni miaka 30, wajukuu watamjua kwa sura ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mimi ningechagua picha ndogo ya kweli kuliko kubwa ya kubuni.

Haimaanishi printa haina makosa kamwe. Kama una ya wino nyumbani na picha inatoka na mistari mistari, matundu ya wino yameziba, hasa kama imekaa wiki kadhaa bila kazi. Printi ukurasa wa kupima matundu, kisha amuru isafishe mara moja au mbili. Usirudie mara kumi, maana kila usafishaji unakunywa wino. Rangi ikigeuka ghafla, angalia kama kuna wino mmoja ulioisha. Ukiweka karatasi ya picha huku printa imeambiwa ni karatasi ya kawaida, wino hautakaa sawa.

Halafu kuna giza. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Picha unayoiona inapendeza ukiwa umepandisha mwanga wa simu mpaka mwisho itatoka nyeusi, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopotea kwanza. Ongeza mwanga kidogo sehemu za kivuli, printi ndogo ya majaribio, ndipo uende kwenye kubwa.

Lakini kabla ya kufika kwenye printa, mtafute aliyepiga. Grupu linaonyesha nani aliituma kwanza. Muulize kama bado anayo kwenye kamera na aitume kama dokyumenti. Akisema aliifuta juzijuzi, mwambie aangalie pipa la taka. Google Photos inaweka picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni siku 60 baada ya kufutwa, na iPhone inaziweka hadi siku 30.