Motokaa Kuukuu Haifi kwa Uzee

Wako watu wanaodhani kwamba motokaa ikisha kupita kilometa laki mbili haina tena haki ya kutengenezwa, bali ni ya kupigwa viraka tu mpaka siku itakapogoma njiani. Dhana hiyo imeenea mno miongoni mwetu sisi wafanyakazi, nasi twaona yafaa ipingwe waziwazi, kwa kuwa hasara yake haiishii mfukoni mwa mwenye gari. Humfikia abiria aliyeketi nyuma, na mwenda kwa miguu kando ya barabara, ambaye hana habari kwamba breki za gari linalomjia zimekwisha tangu mwezi wa pili.

Msomaji atakayesimama Iguguno, wilayani Mkalama, pale njia ya Nduguti inapoachana na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, ataelewa tunasema nini. Gari dogo la pale si pambo. Ni mali ya mwalimu, au muuguzi, au mchuuzi wa vitunguu, aliyelipata baada ya miaka ya kujinyima. Na tangu siku lilipofika limekuwa gari la ukoo mzima. Ndilo humpeleka mama mjamzito hospitali usiku, ndilo hubeba magunia ya alizeti kwenye buti mpaka matairi ya nyuma yakazama ndani ya bodi, na ndilo huitwa kwanza kukiwa na msiba. Aghalabu ni Toyota: Corolla, Carina, au Mark II. Sasa, Carina ilikoma kuundwa mwaka 2001, na Mark II ikaipisha Mark X mwaka 2004. Basi hakuna Carina changa duniani. Anayeimiliki anamiliki chombo kilichopita miaka ishirini, apende asipende, na namba ndogo ya kilometa kwenye dashibodi isimdanganye.

Ukongwe huo peke yake si ugonjwa. Kule Japani sheria humlazimisha mwenye gari jipya la binafsi kulipeleka kukaguliwa baada ya miaka 3, na kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama isiyo ndogo. Gharama hiyo ni sababu mojawapo ya Wajapani kuyauza magari yao yakingali na nguvu. Maana yake ni kwamba gari lile lilipokuwa kwao lilikuwa na mlinzi, naye ni sheria. Lilipoteremshwa bandarini Dar es Salaam likapata mlinzi mpya, naye ni mimi na wewe. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Wala isisemwe kwamba saluni si gari la njia zetu. Mwaka 1966, na tena 1967, mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalishindwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404, saluni ya milango minne. Njia za siku zile zilikuwa vumbi, mawe na matope. Asiyeijua habari hiyo ndiye hulaumu barabara kila bushi inapokatika.

Tuanze na maji, maana nchi yetu ya kati ina maneno yake na maji. Singida imekaa juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mahali palipoinuka hivyo maji ya sufuria huchemka yakifika karibu nyuzi 95 tu, si 100. Kwa hiyo injini hutegemea sana kifuniko cha rejeta, ambacho hubana mvuke ili maji yasichemke upesi. Mpira wa kifuniko ukichoka, gari lachemsha. Mwenyewe hukimbilia kwa fundi, naye fundi, akihimizwa afanye upesi, hung'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haihitaji kitu kile. Hoja hiyo ni potofu kabisa. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Imewekwa ili injini ifikie joto lake mapema na kukaa hapo, nayo hufunguka yenyewe maji yakikaribia nyuzi 82. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata moto, hula petroli zaidi, na silinda huchakaa kabla ya siku zake. Ilhali ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba, au feni isiyozunguka, au pampu iliyochoka, umebaki palepale.

Kisha twatia maji gani? Anayeijua Singida anaijua chumvi: maziwa ya Singidani na Kindai yanatosha kuwa ushahidi. Maji ya visima vingi vya nchi hii huacha ukoko ndani ya birika, na kila mama wa nyumbani anauona. Ukoko uo huo huganda ndani ya mirija ya rejeta, ambako hakuna aonaye. Inafaa itumike kulanti, ambayo pamoja na mengine huzuia kutu. Na ikikosekana, basi maji ya mvua yaliyokingwa safi, kwa muda tu. Tumeyarefusha haya kwa makusudi, kwa sababu bei ya kifuniko na themostati ni chembe mbele ya gharama ya gasketi iliyoungua na hedi iliyopinda, na magari mengi yaliyolala juu ya mawe nyuma ya nyumba yalifikishwa hapo na maji.

Breki ni jambo la uhai. Atokaye Iguguno kwenda Igunga hana budi kuushuka mlima Sekenke, na mlima haumwulizi mtu kama mshahara umetoka. Wengi hubadili pedi wakadhani wamemaliza, ilhali mafuta ya breki ndani ya mabomba ni yale yale yaliyotoka Japani. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba. Na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama mpaka chini, na gari halisimami. Yabadilishwe kila miaka 2, na anayeteremka mlima ashike gia nzito tangu juu.

Habari ya oili haihitaji maneno mengi: oili ya kupima kutoka pipa lisilojulikana haifai, na chujio la hewa katika vumbi letu lisingojee kuwa jeusi. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilometa 100,000; asiyejua uliopo una umri gani na auhesabu kuwa umekwisha. Kwa sababu hiyo kila gari liwe na daftari lake, la kawaida la shule, liandikwe tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, na fundi aliyebadilisha.

Hapa tutasema neno lisilopendeza. Fundi wa chini ya mti hulaumiwa kwa kila baya, lakini aghalabu huwa ametii amri ya mteja. Mteja ndiye asemaye, "Nifungie hivyo hivyo, nifike tu." Mteja ndiye humtuma kijana dukani akalete spea ya bei ya chini kuliko zote, ndani ya boksi lenye jina kubwa, na ndiye huacha risiti ili apunguziwe shilingi chache. Iko Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani yaisimamia dhidi ya bidhaa bandia. Walakini asiye na risiti atamshtaki nani?

Hatusemi kila gari lihifadhiwe. Bodi ikisha kuliwa na kutu pale miguu inaposhikizwa, iuzwe spea moja moja, pasiwe na huzuni.

Bali fundi naye ana haki yake. Chuo cha VETA, ambacho mamlaka yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupima ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Huo ni mpango mwema, nao ungefaa ufike Iguguno na vituo vingine vya njiani kwa miguu yake. Fundi akifunga kazi siku tatu aende mjini kupimwa, siku hizo tatu nyumbani kwake hakuna kinachoingia; mpimaji, ambaye mshahara wake haukatiki, ndiye apande basi.