Nani Kasema Mechi ya Mwisho Ndiyo Yenye Uzito?

Hapa Longonot, msimu ukikaribia kuisha, kila kibanda cha mpira huwa na profesa wake. Atakwambia mechi ya mwisho ndiyo yenye uzito, nyingine zote ni mazoezi. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na "uzito" usio na namba hunikera.

Jamani, uzito wa mechi unapimika. Chukua nafasi ya timu kufuzu ikishinda, toa nafasi yake ikishindwa. Basi.

Tuwatazame majirani zetu Taifa Stars. Tarehe 24 Machi 2019 waliingia mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika wakiwa na pointi 5. Lesotho 5, Cape Verde 4. Uganda, wageni wao Dar es Salaam, walikuwa na 13 na wameshafuzu. Imebaki nafasi moja. Mechi mbili, matokeo matatu kila moja, jumla ni njia 9. Nimeziandikia programu fupi (hata kalamu ingetosha). Tanzania wanapita katika 2 tu: washinde, na Lesotho wasishinde kule Cape Verde. Sare haikuwafaa, maana Lesotho walikuwa mbele kwa mechi zao wenyewe, 1-1 na 1-0.

Ikawa 3-0 Dar, 0-0 kule kwingine. Tanzania wakarudi kwenye fainali hizo mara ya kwanza tangu 1980, na maprofesa wakashangilia: si tulisema?

Hebu rudi Maseru, 18 Novemba 2018. Tanzania wangeifunga Lesotho siku ile wangefika pointi 8. Cape Verde mwisho wao ungekuwa 7, Lesotho 5. Kazi imekwisha, Machi ni ya kupiga picha. Walipofungwa 1-0 wakabaki na njia 2 kati ya 9. Uzito wa Maseru: 7 kati ya 9. Uzito wa mechi ya mwisho: 6 kati ya 9!

Utasema njia hizo 9 hazilingani. Kweli kabisa. Tuseme Tanzania wana asilimia 50 ya kuifunga Uganda, na kuna asilimia 80 kwamba Lesotho hawatashinda ugenini. Sasa mechi ya mwisho ina uzito wa asilimia 80, Maseru 60. Haya, ya mwisho imepita. Lakini 60 ndiyo mazoezi?

Kinachoniudhi hasa ni mkeka. Kijana anaweka pesa ya kodi ya nyumba kwa sababu timu fulani "lazima ishinde". Uzito unakuonyesha ushindi utaleta nini, haukwambii kama utapatikana. Siku ile ya Machi, Tanzania na Cape Verde wote wawili walikuwa "lazima washinde". Alishinda mmoja.