Kobalti ni yetu, pikapu ya umeme ni ya wengine: tuache kujidanganya

Katana, Kabare – Kuna maneno yanayorudiwa kila mara kwenye mikutano na kwenye redio, hata huku kwetu Kivu Kusini: "Bila Kongo hakuna gari ya umeme." Yanapigiwa makofi sana. Mimi nasema maneno hayo yanatulaza usingizi. Tuchukue gari moja tu, pikapu, kwa sababu ndiyo gari inayolisha Katana: ndiyo inayopeleka kabichi, ndizi na makala Bukavu, ndiyo inayorudi na sukari na saruji. Tuipigie hesabu.

Mwezi wa nne 2022 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kutoa pikapu ya umeme, F-150 Lightning. Ile ya bei ya chini iliuzwa dola 39,974. Mwaka mmoja haujaisha, ile ile ikafika dola 59,974. Mwezi wa saba 2023 ikashushwa hadi 49,995. Tesla nayo mwaka 2019 iliahidi Cybertruck kwa dola 39,900. Wanunuzi wa kwanza walipoipokea mwisho wa Novemba 2023, bei ya chini iliyotangazwa ilikuwa dola 60,990. Ford walieleza kwamba malighafi imepanda. Basi sisi wenye malighafi tungekuwa tumetajirika, sivyo?

Tuone. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Mwanzoni mwa 2022 tani moja ilipita dola 80,000. Februari 2025 ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000. Tuseme, kwa mfano tu, batri moja ya pikapu ina kilo 10 za kobalti. Kwa bei hiyo ya Februari ni dola 210. Kwenye gari ya dola 50,000, haifiki hata nusu ya asilimia moja. Sheria ya migodi ya 2018 na amri iliyoifuata ziliweka ushuru wa asilimia 10 kwa kobalti: hata ukilipwa wote bila kuibiwa, ni dola 21. Katika hizo 21, nusu inakwenda Kinshasa, robo kwa mukoa wenye mgodi, asilimia 15 kwa maeneo yenye mgodi, na asilimia 10 kwa Fomin, mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti inachimbwa Lualaba na Katanga ya Juu. Kwa hiyo Katana inangoja kile ambacho Kinshasa itakumbuka kututumia. Ndugu msomaji, jibu unalo.

Najua nitajibiwa: "Serkali imeshaamka." Ni kweli, tarehe 22 Februari 2025, siku chache tu baada ya vita kufika Kavumu na Bukavu, Kinshasa ilisimamisha kobalti kutoka nje. Tangu Oktoba 2025 inatoka kwa kipimo, na kwa 2026 kipimo ni tani 96,600. Bei ilipanda. Sitalaumu hatua hiyo, kwani kuuza kwa bei ya kutupa ni ujinga. Lakini mnunuzi ana mlango mwingine. Kuna batri za lithiamu, chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata gramu moja. Kampuni za China kama CATL na BYD zinazitengeneza kwa wingi. Ni nzito zaidi, lakini ni rahisi kwa bei. Kila tunapokaza kamba peke yake, bila kiwanda, tunamsukuma mnunuzi kwenye mlango huo. Siku akipita, tutabaki na mashimo na ule msemo wetu.

Sasa bei ya batri yenyewe. Mwaka 2010 kilowati-saa moja ya batri ilizidi dola 1,000. Kwa hesabu ya BloombergNEF, mwaka 2024 ilikuwa wastani wa dola 115. Ni mteremko mkubwa. Lakini batri ndogo ya Lightning ina kilowati-saa 98. Piga hesabu: zaidi ya dola 11,000 kwa batri peke yake. Shofere wa hapa anayekopa ili abadilishe matairi hawezi hata kuiota. Na akiipata, ataichaji wapi? Ruzizi ya Kwanza inazunguka tangu 1958, Ruzizi ya Pili tangu 1989, kwa maji yanayotoka kwenye ziwa letu hili hili, lakini mpaka leo watu wanalipa kuchajisha simu kwenye kibanda chenye sahani ya jua.

Tufanye nini? Kwanza, kiwanda. Novemba 2021, mjini Kinshasa, lilitolewa andiko la BloombergNEF likisema kiwanda cha kuandaa malighafi ya batri kinaweza kujengwa Kongo kwa dola milioni 39, theluthi ya bei ya Marekani. Aprili 2022 Kongo na Zambia zikatia sahihi mapatano ya kutengeneza batri. Wabunge wetu waulize mbele ya taifa: kiwanda kiko wapi?

Pili, batri itenganishwe na bei ya chombo. Najua jina la Kigali linachoma masikio ya wengi kwetu, na sababu zinajulikana. Lakini hesabu haina uraia. Kule, na Nairobi pia, kampuni ya Ampersand inauza moto ya umeme bila batri. Batri ni ya kampuni, dereva anaibadilisha kituoni na kulipia umeme aliotumia. Mzigo wa bei unaondoka mgongoni mwake. Tuanze na moto na vyombo vidogo vya mizigo, pikapu itafuata.

Tatu, Fomin. Ikiwa ni pesa ya vizazi vijavyo, basi inunue batri za ushirika na vituo vya kuchajisha kando ya barabara ya Bukavu hadi Goma. Na kila mwaka tuonyeshwe hesabu, kwa lugha tunayoielewa.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo, kiongozi akisimama tena Katana na kusema bila Kongo hakuna gari ya umeme, musimpigie makofi. Mumuulize: kiwanda kiko wapi, daftari liko wapi, umeme wa Ruzizi utafika lini kijijini? Akijibu yote matatu, hapo tutapiga makofi, nami nitakuwa wa kwanza.